Siku Niliyoshusha Floti

Hasira niliyonayo si ya gari. Watu wa nyumbani wanadhani ni ya gari, kwa sababu kila ninapoanza kusimulia jambo hili naanza na kabureta, na kabla sijafika mbali mtu ananikatiza kuniuliza kwa nini nisiliuze lile gari nikatafuta la kisasa. Basi nilieleze gari kwanza, nimalizane nalo.

Ni gari dogo jeupe la zamani, nililolinunua nikiwa bado kazini. Viti vyake viko chini, na hilo ndilo la maana. Mke wangu ana nyonga mbovu. Magari ya siku hizi yameinuliwa kama malori, na tukiita teksi kwa simu huja kitu ambacho ni lazima akiparamie huku dereva akimsukuma mgongoni kama gunia. Kwenye gari letu anageuka, anakaa kwanza, kisha anaingiza miguu polepole bila kushikwa na mtu. Tunaishi mtaa wa Jamhuri. Binti yetu anaishi Kileleshwa, kwenye mojawapo ya yale maghorofa yaliyoota mahali palipokuwa na bustani za watu, na mahali pa mazoezi ya nyonga ni Westlands. Gari halina safari nyingine. Ila hizo, halikosi.

Mvua zilipoanza likawa linanuka petroli. Si ile harufu ya kawaida ya gari kuukuu, bali harufu inayoingia kwenye nguo na kukaa. Likawa linatoa moshi mweusi, na kila tulipopanda kutoka Chiromo kuelekea Westlands lilikohoa na kusitasita, huku walio nyuma yangu wakinipigia honi kana kwamba nimesimama kwa kupenda. Nikalipeleka kwa mkwe wangu.

Mkwe wangu, mume wa binti huyo wa Kileleshwa, ana gereji kando ya Ngong Road, si mbali na uwanja wa maonyesho: ua wa mabati, shimo la kushukia chini ya magari, na benchi la wateja. Yeye ni mtu wa kwetu, magharibi, na kwetu mkwe na wazazi wa mkewe wana mipaka yao. Hampi mama mkwe mkono. Haketi akitazamana naye. Mke wangu hajawahi kukanyaga ndani ya ile gereji, maana si vizuri amkute mkwewe amelala chali chini ya gari, tumbo wazi. Hubaki kwenye gari nje ya lango, au kwa mama anayeuza mboga pale kando. Mimi huingia. Nikiingia, mkwe anavua kofia, anafuta mikono, ananiita Baba, na chochote nitakachosema hanijibu kinyume. Nilipenda hivyo. Sitadanganya. Nilikuwa naingia mle wakati mwingine bila shida yoyote ya gari, nionekane tu nikiamkiwa.

Mkwe alikuwa na mafundi kadhaa, lakini wa kabureta, kile kifaa cha kuchanganyia petroli na hewa, alikuwa mmoja, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Dagoretti, ambako ukoo wao ulikuwa ukilima kabla mji haujawafikia. Alikuwa na sauti ya kuuzia samaki na hakuwa na mipaka yoyote na mtu yeyote. Aliniita guka, kama wanavyoita babu kwao.

"Guka, hii gari yako inakunywa kushinda mjomba wangu," aliniambia alipoona zile plagi zilivyojaa masizi. "Na mjomba wangu tulimpeleka kanisani akaombewe."

Mafundi wengine wakacheka. Nami nikacheka, ingawa sikupenda sana.

Akafungua kifuniko cha kabureta, akakigeuza juu chini, akachomoa kile kiboya kidogo cha shaba ambacho wao wanakiita floti, akakitikisa karibu na sikio kama mtu anayetikisa nazi. Hakikuwa na petroli ndani, maana yake hakijatoboka. Kisha akanionyesha kisindano kilicho chini yake. Ncha yake ilikuwa imelika, ina mzingo kama wa pete.

"Ni kama tangi ya choo," akanieleza. "Ile boya ikipanda, maji inakata. Hapa petroli ikijaa kwa kibakuli, floti inapanda, inasukuma sindano, petroli inakata. Sasa yako sindano imechoka, haikati vizuri. Inamwaga."

Akaweka sindano mpya. Akapima umbali kati ya floti na kifuniko, akabonyeza kale kaulimi kadogo ka shaba kanakoishikilia, akapima tena. Nilikuwa nimeinama juu ya bega lake muda wote, nikiuliza hiki na kile.

"Guka, unanipumulia," akasema.

Alipomaliza, aliniambia nilirudishe baada ya siku chache, kwa sababu sindano mpya huchukua muda kuketi vizuri mahali pake, na huenda akahitaji kurekebisha kidogo. Moshi ulipungua. Harufu ilipungua pia, lakini haikuisha. Nikampigia simu.

"Kama bado inanuka, tutashusha floti kidogo," akasema. "Ilete. Na usifungue, guka, nakujua."

Sikulipeleka. Na hapa niseme kila kitu mapema, msomaji asikae akingoja kujua nani alikosea. Nilikosea mimi. Nilisoma fizikia hadi kidato cha nne, na nikaona kazi niliyoitazama kwa macho yangu haiwezi kunishinda. Mke wangu alikuwa ameenda kwenye maombi ya akina mama na jirani. Nikatandika gazeti kwenye meza ya jikoni, nikaleta kifuniko cha kabureta, nikakigeuza juu chini kama nilivyomwona fundi akifanya, na floti ikawa imelala juu yake. Fundi alisema kushusha. Nikachukua koleo, nikapinda ule ulimi mpaka floti ikashuka kabisa, ikakaribia kifuniko. Nikafurahi. Nikafunga, nikaosha mikono kwa sabuni ya vyombo, nikalikunja gazeti nikalitupa.

Kifuniko kilikuwa kimegeuzwa. Kinachoshuka mezani, ukishakirudisha kwenye gari, kimepanda. Nilichofanya ni kuiambia sindano ingoje petroli ijae zaidi ndipo ifunge, na petroli ilikuwa imeshajaa kupita kiasi tangu mwanzo. Mtoto anayejua kuvaa soksi iliyogeuzwa angelifikiria hilo. Mimi sikulifikiria.

Siku iliyofuata tukaenda Kileleshwa. Jengo la binti yetu lina maegesho chini ya ardhi, na kuyafikia kuna mteremko mkali wa saruji. Tukiwa katikati ya huo mteremko gari likazima. Nikalipiga stati, nikalipiga tena, na moshi mweupe ukaanza kutoka chini ya boneti. Petroli ilikuwa imefurika ikadondoka juu ya bomba la moshi lililokuwa la moto. Askari wa mlangoni akaja mbio na ndoo ya mchanga.

"Zima, mzee! Zima! Toa mama!"

Kumtoa mama si jambo la kusema mara moja likatendeka. Kwenye mteremko mlango wake ulifunguka wote ukaenda mbele, hana cha kushikilia, na yeye hawezi kuruka. Alitoa mguu, akaushika kwa mikono miwili autoe wa pili, huku moshi unampitia usoni na askari anapiga kelele. Mimi nilizunguka nikamvuta, na nilimvuta vibaya. Alilia kwa maumivu. Tukamkalisha kwenye ukingo wa maua. Moto haukuwaka. Mchanga ukamwagwa, boneti ikapoa, watu wakatawanyika.  Kitambaa cha kichwa cha mke wangu kilikuwa kimelowa jasho, na hakuniachia mkono mpaka tukaingia kwenye lifti.

Mtu aliyemwona mkewe hivyo hafikirii sawasawa. Lakini pia sikutaka kufikiri. Mkwe alikuja akalivuta gari hadi gereji, na asubuhi nilikuwa pale kabla chai haijaiva. Benchi la wateja lilikuwa limejaa. Kulikuwa na mwalimu mmoja mwenye gari dogo jekundu, kulikuwa na bwana anayekodisha magari ya harusi, na wengine nisiowajua.

"Nani alifungua kabureta yangu?" nikauliza kwa sauti ya kusikika barabarani.

"Ni mimi, guka. Si unajua ni mimi?" akajibu fundi. "Kwani imefanyaje?"

"Imetaka kunichomea mke!"

Nikasema na mengine. Nikasema mwanamke atafute kazi ya mwanamke. Nikasema asiyejua kazi asijifunzie kwa uhai wa watu. Niliyasema na bwana wa magari ya harusi akawa anaitikia kwa kichwa kuniunga mkono, nami nikazidi kupata nguvu.

 Fundi alienda akafungua kifuniko palepale, akakigeuza, akakitazama.  Kisha akakileta kwa mkwe wangu akamwonyesha kwa ncha ya bisibisi. Kwenye ule ulimi wa shaba kulikuwa na alama za meno ya koleo, mpya, zinang'aa.

"Mimi sitoagi alama kama hizi," akasema. "Mimi napinda na kidole." Akanigeukia. "Guka, ulifungua hii ki..."

"Wewe!" Mkwe wangu alimkatiza. "Huyo ni mzee wangu. Mzee wangu haulizwi hivyo."

"Hivyo vipi? Nauliza kama alifungua."

"Nimesema haulizwi."

Pale ndipo kila kitu kilipoharibika, na yalikuwa maneno machache tu. Sikusema uongo siku ile. Hakuna aliyenipa nafasi ya kusema uongo. Swali liliuawa likiwa njiani kunifikia, nami nikabaki nimesimama na heshima yangu yote kama mtu aliyevalishwa shada la maua. Na kwa kweli moyoni niliona sina kosa: nilishusha kama alivyosema yeye mwenyewe, basi kama kushusha kumeleta moto, kosa ni la aliyesema kushusha. Ndivyo nilivyojihesabia haki.

"Basi yangu asiiguse huyo," akasema yule mwalimu kutoka kwenye benchi.

"Na zangu," akasema bwana wa magari ya harusi.

Mkwe akamwambia fundi aende nyumbani apumzike kwanza, atamwita.  Vifaa vya fundi vilikuwa vyake mwenyewe, kwenye kopo kubwa la maziwa ya unga. Akavikusanya kimoja kimoja, akavifuta, akavua ovaroli, akaikunja vizuri kuliko ninavyoona watu wakikunja mashati ya kanisani, akatoka. Lango likafungwa. Mimi nikaletewa chai.

Gari lilirudi limepona. Mkwe aliliendesha mwenyewe mpaka mlangoni kwetu, akanipa ufunguo kwa mikono miwili. Nilipouliza lilikuwa na nini, akasema, "Kitu kidogo tu, Baba." Halikunuka tena. Lilipanda Chiromo kama kijana.

Ingeishia hapo, na ningekufa nikiwa mtu aliyeonewa na fundi. Kilichonizindua ni sifa. Nilikuwa jikoni kwa binti yangu, yeye anasonga ugali, nami namsifia mumewe kwa jinsi alivyojua kusimama imara na kumwondoa mtu asiyefaa. Akaacha kusonga.

"Baba, si ni wewe ulifungua?"

"Nilishusha kidogo tu. Kama alivyosema."

Akachukua kifuniko cha sufuria, akakigeuza juu ya meza, akaweka kijiko juu yake. "Kuja uone. Hii ndio floti yako. Shusha."

Nikakibonyeza kijiko kikagusa kifuniko. Akashikilia vyote viwili pamoja, akavigeuza, akavirudisha juu ya sufuria.

"Sasa iko wapi?"

Ilikuwa juu.

"Mumeo ameyajua hayo tangu lini?" nikauliza.

"Tangu siku ileile. Alikuja akanionyesha na hiki hiki kifuniko."

"Mbona hakuniambia?"

"Akuambie na mdomo gani? Wewe ni mkwe wake." Akarudi kwenye ugali wake, akaupiga mwiko kwa nguvu zisizo za lazima. "Alisema akikuambia utaona haya, na ukiona haya hutakuja tena."

"Na yule fundi?"

"Atamwita. Mambo yakipoa."

Yapoe! Sijui kama nimewahi kusikia neno lililonichoma kama hilo. Yapoe kwa nani? Mimi nilikuwa nimeshapoa, nimekunywa chai, gari langu linapanda mlima. Mkwe amepoa, amebaki mkwe mwema. Anayengojwa apoe ni yule aliyefukuzwa kwa kosa la mtu mwingine, na huyo, kadiri anavyokaa bila kazi, wanasema ndivyo mambo yanavyopoa. Nilikasirika mpaka sikula ule ugali. Nilimkasirikia mkwe wangu kwa kunifanya mtoto mdogo anayefichwa ukweli. Nilimkasirikia yule mwalimu, na yule bwana wa harusi, ambao hawakujua floti ni nini lakini walijua haraka nani si wa kuaminiwa. Na kila nilipomaliza kuwakasirikia hao nilijikuta nimebaki na mtu mmoja, ameshika koleo jikoni.

Nikaenda gereji siku hiyo hiyo. Mkwe akavua kofia.

"Uliniona ni mjinga, ukanyamaza," nikamwambia.

"Baba, yaishe. Mambo yalikwisha."

"Umemfukuza mtu."

"Sijamfukuza. Nimempumzisha."

"Anakula nini akipumzika?"

Akatazama chini. "Yule ni fundi mzuri, Baba. Hawezi kukosa kazi."

"Kama ni mzuri, kwa nini hayuko hapa?"

Hakujibu. Nikangoja. Ndipo nikagundua kwamba nilikuwa nimesimama nikimdai jibu mtu ambaye kwa miaka yote nimemfurahia kwa kutonijibu. Hatimaye akasema, polepole, macho yake kwenye mafuta yaliyomwagika chini, "Ningesimama mbele ya wateja niseme baba mkwe wangu ndiye ameharibu, watu wa kwetu wangesemaje? Wewe mwenyewe ungesemaje?"

Ningesema hana adabu. Najua ningesema hivyo. Ningeenda nyumbani nikamwambia mke wangu, naye angemwambia binti, na pangekuwa na vikao. Nikaondoka bila kuaga.

Nilimtafuta fundi mjini. Nilikuwa nimesikia kwa mmoja wa mafundi wenzake kwamba anafanya vibarua nyuma ya Kirinyaga Road, huko ambako vyuma vya magari vimetandazwa mpaka kwenye njia ya miguu na huwezi kutembea bila mtu kukuuliza unatafuta sehemu gani. Nikawa nauliza mwanamke wa kabureta. Wakanielekeza. Alikuwa amechuchumaa juu ya katoni iliyolowa, anapuliza vitundu vya kabureta ya mtu, vidole vimechubuka kwa petroli. Pale hawakumpa gari zima. Walimpa kusafisha tu.

Akaniona kabla sijafika.

"Hee! Watu wangu, huyu ndiye guka wa floti!" akawaambia wenzake. "Yule wa kuishusha ikapanda!"

"Ni huyu?" akasema jamaa mmoja aliyeshika tairi. "Karibu, injinia."

Wakacheka vizuri. Sikucheka, na sikustahili kukasirika, lakini nilikasirika. Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha.

"Hapa?" Akasimama. Kicheko kikamtoka usoni mara moja. "Hapa nani anakujua? Hapa nani alikusikia ukiniambia nitafute kazi ya mwanamke? Hawa?" Akaonyesha wenzake kwa kabureta. "Hawa wanajua kazi yangu. Guka, yule wa magari ya harusi amezunguka Ngong Road yote akisema mimi nachoma watu. Nimeenda gereji mbili, nikitaja jina wananiambia, aa, ni wewe. Halafu unakuja kuninong'oneza hapa sori."

"Nifanye nini?"

"Nenda kasemee kule ulikosemea."

"Nitasema."

"Na kwa sauti ileile. Uko nayo, niliisikia."

Akachuchumaa tena akaendelea kupuliza. Yule wa tairi akaniuliza kama nahitaji floti mpya, anayo ya bei nzuri. Nikaondoka.

Nilichagua Jumamosi, siku ambayo benchi hujaa. Nilimwambia fundi aje, na sikuwa na hakika kama angekuja. Mke wangu alisema lazima naye aende. Nikamwambia si lazima, nyonga inamuuma.

"Ni mimi nilitaka kuchomeka," akasema. "Nitakaa kwenye gari langu."

Kwa hiyo akakaa kwenye gari, nje ya lango, kioo kimeshushwa. Nilipoingia, mkwe alivua kofia, na aliponitazama usoni akajua. Akanishika kiwiko.

"Baba, karibu ukae kwanza. Leteni chai."

"Sitaki chai."

"Baba, tafadhali. Tuongee huku ndani."

Kama ningeingia ndani ningekunywa chai, na kama ningekunywa chai ningerudi nyumbani. Alijua hivyo, na mimi nilijua. Yule mwalimu alikuwepo, gari lake jekundu limeinuliwa kwenye jeki. Bwana wa magari ya harusi alikuwepo, anasoma simu. Fundi alikuwa amesimama langoni na kopo lake la maziwa ya unga, hajaingia.

Nikasema kwa sauti ileile. Nikasema kabureta ya gari langu niliiharibu mimi, jikoni kwangu, kwa koleo, baada ya kuambiwa nisiifungue. Nikasema fundi aliifanya vizuri na nilimtukana bure mbele yao, na neno lile la kazi ya mwanamke lilikuwa la kijinga. Nikasema petroli iliyotaka kumuunguza mke wangu niliimwaga mimi. Nilifikiri sauti ingekatika lakini haikukatika. Ilitoka na ukali kana kwamba bado namkaripia mtu.

"Kumbe mzee ndiye fundi," akasema bwana wa harusi, na watu wawili watatu wakacheka.

"Na wewe," nikamgeukia, "nenda Ngong Road yote uliyozunguka ukiongopa, uizunguke tena useme haya."

"Mimi ulinidanganya wewe!"

Kweli. 

Fundi bado alikuwa langoni. Nikamwambia aingie. Akatikisa kichwa. Hakuwa ananitazama mimi; alikuwa anamtazama mkwe wangu.

"Guka alikuwa hajui," akasema. "Guka ni mjuaji tu, wako wengi. Wewe ulijua."

Mkwe wangu alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Akanitazama, kama mtu anayeomba ruhusa, na mimi sikujua ruhusa ya namna hiyo hutolewaje. Kwetu haipo. Nikamwambia, "Mjibu."

"Nilijua," akasema. "Niliona zile alama. Nikaogopa kusema kwa sababu ni baba mkwe wangu." Akapiga hatua kuelekea langoni. "Alikosea yeye, nikakutoa wewe. Nisamehe. Rudi kazini."

Alikosea yeye. Ni mara ya kwanza katika maisha yake kunisema hivyo nikisikia, na watu wakisikia.  Nilikuwa nimemlazimisha aseme, na bado nilitaka kumuuliza anaongea na nani.

Fundi hakuingia. Akaweka kopo chini, akafikiri.

"Narudi," akasema. "Lakini hii gari ya guka isikanyage hapa tena. Siifungui, na hakuna mtu anaifungua mimi nikiwa hapa. Sijui siku gani ataenda kuongezea kitu nyumbani. Ikichomeka, nani ataulizwa?"

Nikamtazama mkwe. Nilingoja aseme kwamba mzee wake haambiwi hivyo. Nadhani watu wote walingoja. Alikuna kisogo, akavaa kofia yake, mimi nikiwa bado nimesimama mbele yake, akasema, "Sawa. Ingia, kuna hii nyekundu inakungoja."

Mwalimu akainuka kwenye benchi, akatoa ufunguo wake.

Nikatoka. Nilikuwa na hasira ambayo sikuwa na mahali pa kuiweka. Yeye alikuwa na haki, na mkwe alifanya alivyopaswa kufanya tangu mwanzo, na mimi nilifanya nililokwenda kufanya. Na bado, kufukuzwa kwenye gereji ya mume wa binti yangu, nikiwa na mvi hizi, mbele ya yule muuza maneno wa magari ya harusi! Nikaingia kwenye gari nikaubamiza mlango.

Mke wangu alikuwa amesikia karibu yote, maana mabati hayazuii sauti.

"Amerudi?" akauliza hata hivyo.

"Amerudi."

"Na sisi?"

"Sisi tumefukuzwa."

Akapandisha kioo polepole, kwa ule mpini wa kuzungusha.

"Washa twende," akasema. "Na njiani tupite sokoni, nikachague mboga mwenyewe. Kwa mama wa hapa langoni hatuna safari tena."